Nepi za Holili

Machame, Jumatano mchana

Haika, mwanangu na mama mkwe wangu mdogo,

Salamu sikupi, maana tangu Jumapili na wewe hunipi. Tunapishana humu ndani kama wapangaji. Leo asubuhi umeniomba chumvi kwa kumtuma paka: "Mwambie mwenye jiko lake anipe chumvi." Nilicheka moyoni, usoni nikakununia. Basi naandika, maana kesho unaondoka. Sasa hivi uko kwa Mama Aikande unasukwa, na vidole vya yule mama navijua, hatakuachia kabla jua halijashuka. Nitakuwa nimemaliza.

Darasa la saba nilikuwa wa pili kwa wasichana. Unajua, nimekuambia mara nyingi, na wa kwanza alikuwa binti wa mwalimu, kwa hiyo hata huyo simhesabu. Mwandiko wangu usiucheke.

Sitakuandikia habari za kuoga maji ya moto, wala uji, wala usiinue ndoo. Hayo umenisikia nikiwaambia wanawake wa kijiji kizima, wanakuja hapa kuniuliza mimi wakati nesi yupo. Karatasi yako ya kliniki nimeipitia tena. Glavu zipo, wembe upo, pamba ipo. Beseni ni lile langu la bluu, limebanduka rangi lakini halivuji. Mpira wa kutandika kitandani tumekosa, nimekukatia nailoni ya mfuko wa mbolea, nimeisugua kwa sabuni mara nne, hata profesa hawezi kujua ilibeba nini. Hayo yamekwisha.

Kwanza nimalize hasira yangu. Ninayo haki.

Siku mbili za soko nilishinda Kwa Sadala nimeinama kwenye marundo ya mitumba mpaka mgongo ukaniita kwa jina. Machame hii hakuna mwanamke anayejua kuchagua mtumba kunishinda mimi. Ile sweta ya njano yenye bata niliing'ang'ania na mama mmoja wa Lyamungo, yeye kashika mkono mmoja na mimi mkono mwingine, nikamwambia, "Mama, achia, wa kwangu anazaliwa kabla ya wako." Akaachia. Nikazileta, nikazichemsha kwenye sufuria kubwa ya mbege, nikazianika kwenye ua wa masale, nikazipiga pasi ya mkaa moja moja, nikazipanga kwenye kapu. Nikakuita uone.

Ukainua fulana kwa vidole viwili. Viwili, Haika! Kama umeshika panya. "Mama, hizi si kafa Ulaya? Mtoto wangu bado hajazaliwa unamvalisha nguo za maiti?" Ukalisukuma kapu kwa mguu likamwagika mlangoni kwa ng'ombe. Nami nikasema, "Basi ondoka na hicho kitumbo chako, na usinirudie hapa." Mama Aikande alikuwa amesimama pale na bakuli lake la kuazima sukari, na nina hakika sasa hivi anakusuka huku anakusimulia upya, kwa nyongeza.

Neno langu silikani. Nimelisema, lipo. Ila ulinitazama ukadhani nimefoka kwa sababu umenitukana. Mimi matusi nayaweza. Nilifoka kwa sababu neno ulilolisema niliwahi kulisema mimi, karibu hivyohivyo, wakati wewe ndiye uliyekuwa tumboni.

Hii sijawahi kukuambia. Nilichokuambia ni kingine.

Umekua ukisikia habari za nepi za Holili. Kila mgeni wa hapa nimemsimulia: mwaka ule maduka yalikuwa na rafu tupu na karani wa kufukuza inzi, kitambaa unapanga foleni unapewa jibu, lakini mimi, na tumbo la miezi minane, nilivuka mpaka Holili na wanawake wenzangu, nikarudi na nepi kumi na mbili za Kenya, nyeupe kama theluji ya pale juu. Sikusaidiwa na mtu. Ndivyo ninavyomalizia siku zote, na baba yako hutingisha kichwa kwa sifa.

Holili nilienda kweli. Nepi nilinunua kweli. Nilizizungushia tumboni chini ya kitenge, kitambaa juu ya kitambaa, mpaka nikashindwa kuona miguu yangu. Tulipofika kwenye kizuizi cha barabara askari mmoja akanitazama, akazunguka nyuma, akarudi mbele.

"Mama, hawa ni mapacha?"

"Watatu," nikamwambia. Unajua mdomo wangu.

"Basi mmoja anatoka sasa hivi," akasema, kwa sababu ncha ya nepi ilikuwa inaning'inia.

Zikabaki pale zote. Nilikuwa nimeuza kuku wote na mkungu wa mwisho wa ndizi. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikamkuta bibi yako, mama yake baba yako, amekaa jikoni anamenya ndizi. Akauliza, "Umepata?" Nikajibu, "Nimepata. Nimeziacha Moshi mjini kwa rafiki yangu, zinapigwa pindo." Hata sikuona haya. Akanitazama tumbo, lilikuwa limerudi ukubwa wake. Akaendelea kumenya.

Huyu bibi sikumpenda, nawe unajua nilivyokuwa ninamwita: Mkaguzi. Kila nilichofanya alikitazama mara mbili. Baba yako alikuwa kazini Tanga, tulibaki wawili kwenye kihamba kimoja cha migomba, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba mtoto wangu hatazaliwa kwa fadhila za yule mama. Alinifugia mbuzi wa kuchinja siku nikijifungua, nikamwambia mimi nyama ya mbuzi inanikera. Akaniwekea samli, nikawapa majirani. Nilitaka ijulikane kwamba nimejitosheleza. Na nilikuwa sina hata kipande cha kitambaa cha kukufungia.

Sasa sikiliza. Bibi yako alikuwa na sanduku la mbao, chini ya kitanda. Ndani ya sanduku kulikuwa na marekani nyeupe, yadi nyingi, aliyonunua dukani kwa Mhindi pale Moshi miaka ile kahawa ilikuwa inasomesha watu. Ilikuwa sanda yake. Ameipiga pindo mwenyewe kwa uzi mwekundu, na mabinti zake alikuwa amewaonyesha: siku yangu mnivike hii. Wakati ule wa shida watu walizikwa na mashuka ya kuazima, Haika, na wengine na mapazia. Yeye alikuwa na yake, na alijivunia kama mimi ninavyojivunia cheti changu.

Siku tatu baada ya Holili aliingia zizini nikiwa nakamua. Alikuwa na vitambaa kumi na viwili mikononi, amevikata mraba, amevikunja. Nikaona ule uzi mwekundu kwenye vile vya pembeni. Nikajua ni nini.

"Umekata sanda?"

"Mtoto hawezi kungoja," akasema. "Mimi naweza."

Badala ya kupiga magoti, unajua nilichofanya? Nilisimama na ndoo yangu nikapiga kelele. "Unataka kumvalisha mwanangu nguo za maiti? Hajazaliwa unamwita kaburini?" Nikavipiga vile vitambaa vikaanguka kwenye samadi. Palepale ulipomwaga kapu langu Jumapili. Mlango uleule.

Bibi yako aliinama, na goti lake lilikuwa bovu tayari, akaokota kimoja kimoja akaenda navyo mferejini. Nilimsikia anafua. Mimi nikaendelea kukamua na maziwa yakawa yanamwagika nje ya ndoo.

Ulizaliwa wiki mbili baadaye, katikati ya masika. Mvua haikukatika. Khanga zangu mbili zilikuwa zimelowa zote, na wewe ulikuwa mtoto wa kulowesha dunia. Siku ya pili mchana nilikuwa nimekufunga kwa gauni langu la kanisani nililolichana. Ukalia, ngozi yako imekuwa nyekundu. Bibi akaingia na uji, akaweka kikombe, na karibu na kikombe akaweka vile vitambaa, vimekauka juu ya dari la jiko, vinanuka moshi. Akatoka. Nikakufunga. Ukanyamaza. Nami nikakesha nikifumua ule uzi mwekundu kwa sindano, maana nilijua wageni watakuja.

Wakaja. Wa kwanza alikuwa mke wa mchungaji, akashika nepi akaisugua kwa vidole. "Mzazi, hizi umezitoa wapi na hali hii?"

Bibi yako alikuwa amekaa kwenye kigoda pale pale, anakupakata.

"Za Holili," nikasema. "Nimevuka mwenyewe. Sikusaidiwa na mtu."

Yule mama akamgeukia bibi. "Kweli?"

"Za Holili hizo," bibi akasema. "Kenya wana vitambaa." Akainamisha uso akaanza kukuimbia.

Mpaka anaingia kaburini hakunigusia hata siku moja. Ningependa angenitukana. Mtu akikutukana mnalingana.

Hata jina lako nililipigania. Mtoto wa kwanza wa kike ni wa mama yake baba, ndivyo ilivyo huku, lakini mimi nilitaka uitwe Jaklini. Nikashindwa, ukaitwa yeye. Ndiyo maana nikikasirika nakuita mama mkwe, na wewe ulidhani ni utani tu. Nusu ni utani.

Lakini hapo sijafika mahali pabaya. Kalamu inataka kuniishia na ninaona heri iishe, ila nitachukua ile ya penseli.

Bibi alifariki ukiwa darasa la tano. Unakumbuka mikungu ile na watu wengi. Usichokumbuka ni chumbani. Mabinti zake walifungua sanduku. Kulikuwa na khanga, miwani, kitabu cha nyimbo. Marekani hakuna. Shangazi yako mkubwa akasema, "Ilikuwa humu. Tumeonyeshwa sote." Wakaanza kutazamana. Mwingine akasema, "Ufunguo alikuwa nao Manka." Manka ndiye mdogo wao, ndiye aliyekuwa anakuja kumwogesha mama yake kila Jumamosi. Akasema, "Mimi? Niibe sanda ya mama yangu?" Akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeishi humu ndani. "Wifi, sema basi."

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Ningesema maneno matatu tu yangetosha. Nikasema, "Mimi siingiagi kwenye masanduku ya watu."

Basi ikawa Manka. Kitambaa kilinunuliwa Moshi siku ileile, maana wakati ule maduka yalikuwa yamefunguka, marobota yamefika darini, ukipita wanakuvuta mkono ununue. Bibi akazikwa vizuri. Lakini wewe mwenyewe umekua ukijua kwamba kuna shangazi ambaye hatumwendei naye haji kwetu, aliyemvua mama yake sanda. Krismasi hawamwiti. Harusi ya kaka yake walimpa sahani nje. Hivi sasa anauza ndizi Kwa Sadala, na mimi miaka hii yote napitia upande wa nyanya.

Ninachokuambia si hadithi ya kujiliza. Mimi si mtu wa kulia, nilishamzidi mwanamume kupasua kuni, ushahidi upo. Nakuambia kwa sababu juzi nimekusikia unamwambia Mama Aikande, "Huko kwa akina Samweli sitapokea kitu cha mtu. Nitajitosheleza. Mama yangu alivuka Holili na tumbo la miezi minane na hakusaidiwa na mtu." Ulisema kwa sauti yangu. Hata kidevu ulikiinua kama mimi.

Wewe unakwenda kuzaa Chekereni, kwa akina Samweli, kwa uongo wangu.

Huyo Samweli wako ni kijana mzuri, sijasema ni mbaya. Nimesema tu ana miguu ya korongo. Lakini mwaka huu maji hayakufika kwenye majaruba yao, mpunga umekaukia njiani, hana kitu, na wewe unalijua hilo unavyonijua mimi. Mama yake simpendi. Alikuja hapa akaionja ndizi yangu akasema, "Sisi huku tumezoea wali." Nilimsikia. Hata hivyo ametuma neno kwamba amekuwekea shuka tatu za watoto wake wa zamani, na kuku anafungiwa. Nawe umemjibu kwamba ahsante, mtanunua wenyewe. Mtanunua na nini? Na vyura?

Shuka hizo atakuletea tena. Labda zimechanika. Labda zina doa la mtoto aliyekwisha kuota ndevu. Sijui alizitunza kwa nini, pengine hata yeye kuna kitu amekikata. Wewe huwezi kujua mtu amekata nini mpaka akupe. Zipokee kwa mikono miwili na umwambie lile neno la Kichagga la kushukuru. Unalijua, ndilo jina lako. Mimi nimeliita asubuhi na jioni miaka kumi na tisa, nikikutuma maji, nikikufokea, nikikuita ule, na bibi mwenye jina, kabla hajafariki, alikuwa amekaa hapohapo kwenye kigoda, na hata mara moja sikumwambia yeye. Haika. Silabi tatu zilinishinda, mimi wa pili kwa wasichana.

Nguo za kapu nimezifua tena. Sweta ya bata imepona, fulana moja imebaki na alama ya samadi, utaivalisha ndani. Waliozivaa hawakufa, Haika, walikua tu, nguo zikawabana. Ni watoto.

Na lile la kusema usinirudie: mlango wa hapa unaujua, haujawahi kuwa na kufuli, tangu bibi yako. Miezi ya uzazi ikikushinda huko, au ikikuchosha, au umekumbuka mtori tu, njoo. Nitakuwa na maneno mengi ya kusema lakini utakuwa unakula.

Leo asubuhi, ulipokuwa umelala, nimemwambia baba yako habari ya mama yake. Nilidhani atanipigia kelele. Alikaa. Akauliza, "Na Manka?" Nikasema, "Na Manka." Akachukua mundu akateremka kukata majani ya ng'ombe, na mpaka ninapoandika hajarudi. Majani gani hayo ya tangu asubuhi? Akirudi akiwa kimya, usimuulize.

Sasa la kesho. Nitakusindikiza mpaka Kwa Sadala, na usibishe, hujawahi kunishinda. Kati ya vile vitambaa kumi na viwili kimoja nilikificha. Kilikuwa cha pembeni, na uzi wake mwekundu sikuufumua, sijui kwa nini, mkono ulikataa. Kiko kifuani kwangu hivi sasa. Manka anaujua ule uzi, mishono ya mama yake ataitambua hata gizani. Kabla hujapanda gari tutapita sokoni, upande wa ndizi. Nitasimama mbele yake, mbele ya wale wanawake wanaosikia hata kisichosemwa, nikitoe, niseme, "Wifi, sanda ya mama hukuiba. Alivishwa Haika huyu, alipozaliwa. Nami nilijua."

Akikitaka kitambaa, ni cha kwake, ni cha mama yake. Akikirudisha, ni chako, umpokelee mtoto. Hilo ataamua yeye, wala usimtazame kwa macho ya kuomba.

Sijui atanifanya nini. Ulimi anao, tena kuliko wangu, na hilo silisemi kwa watu wengi. Akinirushia ndizi, wacha zirushwe. Akinitukana mimi na kwetu nilikotoka, simama hapohapo na tumbo lako usikie mpaka mwisho, ujue bei ya kusema hukusaidiwa na mtu. Usinitetee.

Wewe nishikie kapu tu.

Mama yako,
na bado nimenuna.